Nguchiro na Shanta Lenye Nafasi

Hapo zamani za kale, wakati muhuri ulikuwa haujavumbuliwa lakini wapenda kupiga mihuri walikuwa wamekwisha kuzaliwa, wanyama wa nyika waliishi kama tunavyoishi sisi. Walikuwa na nyumba, majiko, mashemeji, na Baraza.

Naona mmoja wenu ameinua mkono. Anataka kujua walikula nini, kama wote walikuwa majirani. Swali zuri, mwanangu. Walikula kwale. Kwale hakuwa na nyumba, hakuwa na shemeji, wala hakuwa na mjumbe kwenye Baraza. Hilo la tatu ndilo lililommaliza.

Kwale wanono walipatikana mahali pamoja tu, Bonde la Nyasi Ndefu, upande wa pili wa mlima. Kila mwaka kiangazi kilipoanza, Baraza lilifungua lango la Bonde kwa siku mbili. Mwindaji aliyetoka na kwale wengi kuliko wenzake alipewa Bonde lote, yeye na nyumba yake, mpaka mvua zirudi. Wengine walibaki nje na kutafuta kitu kingine cha kusukumia ugali.

Sasa, mwaka uliotangulia, aliyepewa Bonde alikuwa Bwana Fisi, mjumbe wa Baraza. Lakini aliyewanasa kwale wengi hakuwa yeye. Alikuwa Bi Nguchiro.

Mnamjua nguchiro? Mnyama mrefu kama mkono wangu, pua imechongoka, mkia unaburuza vumbi. Bi Nguchiro alikuwa na mikono myepesi, vitanzi vya katani, na watoto wanne. Kitu ambacho hakuwa nacho ni shanta. Alitoka Bondeni na kwale wake amewatunga kwenye kamba, wananing'inia mabegani kama shanga. Afisa wa Lango akamzuia.

"Nyama isionekane nje ya shanta," afisa akasema. "Nzi wana macho."

Bwana Fisi alikuwa nyuma yake na shanta kubwa lililolegea.

"Leta nikubebee, dada yangu," akasema kwa sauti tamu. "Langu lina nafasi."

Bi Nguchiro akampa kwale wake, akamshukuru, akamwombea na dua. Walipotoka nje ya lango akanyoosha mkono. "Haya kaka, nipe wangu."

"Wako wepi?"

"Si hao ulionibebea!"

"Hawa walio ndani ya shanta langu? Kilicho ndani ya shanta langu, mama, ni cha nani?"

Kesi ikaenda Barazani. Bwana Fisi alitoa hoja, akaiunga mkono yeye mwenyewe, kisha akanyamaza kwa heshima wakati Baraza linaipitisha. Ikawa kanuni, ikapigiwa ngoma: kilicho ndani ya shanta ni cha mwenye shanta.

"Hii-hii-hiiii!" Bwana Fisi akacheka mpaka akakaa chini.

Kiangazi kile chote watoto wa Bi Nguchiro walikula panzi. Panzi si chakula kibaya siku ya kwanza. Kufikia mwisho wa kiangazi yule mdogo alikuwa amekonda, mkia ukawa mnene kuliko yeye. Mama alimshika mbavu, akazihesabu kwa kidole bila kutaka, akasema kimyakimya, "Huyu havuki kiangazi kingine kwa panzi. Mwaka huu Bonde ni letu."

Mwaka ukazunguka. Ngoma ya Baraza ikalia tena, *ndu! ndu! ndu!* Lango litafunguliwa keshokutwa.

Nyumba zote za nyika zikakimbilia kwa Fundi Mnana, yule ndege wa manjano anayesuka kiota chake kikaning'inia bila kuanguka. Nani mwingine wa kumpa kazi ya kushona shanta?

Bi Nguchiro hakukimbia. Alifagia sakafu kwanza. Akapanga chini vitu vya siku mbili: vitanzi vyake, kisu, shuka moja, kibuyu cha maji, vipande vya muhogo mkavu. Akavitazama, akaongeza chumvi. Kisha kando yake akarundika magunzi ya mahindi, rundo kubwa.

"Mama, haya magunzi unaenda nayo?" mtoto mmoja akauliza.

"Haya si magunzi. Haya ni kwale ambao bado hawajanijua."

Alipomaliza kutazama marundo yote mawili, ndipo alipokwenda kwa fundi.

"Fundi Mnana, nishonee shanta la kuchukua hiki na kile," akamwonyesha kwa mikono. "Na pembeni unitilie kamba za kulibana. Likiwa na vitu vichache liwe dogo, libane mgongo. Likipata nyama, nifungue kamba lipanuke."

Fundi Mnana akaacha sindano hewani. "Mama, tangu nianze kazi hii, wewe ndiye mteja wa kwanza kuniambia atatia nini. Wengine huniuliza kubwa kabisa ni lipi."

Alipokuwa akifunga kamba ya mwisho, *puu!* mlango ukafunguka. Bwana Fisi huyo. Nyuma yake Bwana Chui, anatembea kama njia ni yake na ameiazimisha nyika kwa hisani tu.

"Fundi!" Fisi akanguruma. "La mwaka jana limechanika. Nipe jingine. Siku mbili tu, sitaki mambo mengi." Akachukua shanta la wastani lililoning'inia ukutani, akalivaa. Likamkaa sawasawa. Akaruka mara moja, akageuka. "Zuri hili! Jepesi."

Bi Nguchiro akalipima kwa jicho. Shanta lile lilikuwa ndilo hasa. Fisi akienda na lile, mwenye nguvu vile, na mgongo mwepesi vile, Bonde limekwenda. Na mtoto mdogo amekwenda nalo.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema upesi.

"Marahaba. Kumbe upo? Mtu anaweza kukukanyaga hivihivi."

"Nipo, Mheshimiwa. Samahani, hilo shanta unampelekea nani?"

"Kumpelekea nani! La kwangu."

"Aaa." Bi Nguchiro akatazama chini, kama mgeni aliyeona wenyeji wakigombana mezani. "Sawa. Si langu kusema."

"Sema!"

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi nani?"

"Nimesema sema!"

"Basi kwa vile umeniamuru. Nilidhani mjumbe wa Baraza ana shanta lake, na karani wa Baraza ana lake. Hilo, kwa kweli, linamfaa karani. Labda na msaidizi wake."

Fisi akalivua kama limemwuma. "Fundi! Toa kubwa!"

Fundi akatoa kubwa. Bi Nguchiro akainamisha kichwa upande. "Limekaribia."

"Toa kubwa kuliko hili!"

Fundi akatoa moja lililokuwa likitumika kama pazia la mlango wa stoo. Fisi akalivaa. Likamfikia visigino.

"Sasa ndiyo!" Bi Nguchiro akapiga makofi. "Sasa ukipita, mtu hata akiwa mbali atajua kuna jambo linapita."

Bwana Chui alikuwa anajilamba bega. Lakini jicho lake moja lilikuwa kwenye lile shanta. "Na mimi," akasema polepole, "napenda kitu kipana kidogo kuliko hicho. Si kwa kujionyesha. Ni mgongo wangu tu."

Fundi Mnana akaunganisha mawili. Bwana Chui akalivaa, akajitazama mbele, akajitazama nyuma, akaridhika.

Tatizo, wanangu, shanta kubwa likiwa tupu hulala. Lile la Fisi lilimning'inia mgongoni kama tumbo la mtu aliyetoka kuugua.

"Mbona linaonekana la mtu mwenye shida?" Fisi akauliza.

"Linataka kujazwa, Mheshimiwa. Una godoro?"

"Ninalo."

"Mjumbe hatalala juu ya majani. Una kigoda?"

"Ninacho."

"Mjumbe hatakaa chini. Na kinu?"

"Kinu! Kinu cha nini huko Bondeni?"

Bi Nguchiro akasogea, akanong'ona kwa sauti ambayo hata Fundi aliisikia. "Mifupa, Mheshimiwa. Zamani ulikuwa raia, ukivunja mifupa kwa meno hakuna aliyesema neno. Sasa hivi wewe ni Baraza. Utaonekana Bondeni *kwaa! kwaa!* kama mtu wa kawaida? Mfupa wa mheshimiwa hupondwa."

Fisi huyu alikuwa na meno ya kuvunja goti la nyati. Akafikiri, akafikiri, halafu akasema, "Kinu na mchi wake."

"Na Bwana Chui?" Bi Nguchiro akageuka. "Madoa haya mazuri, ukilala nyikani siku mbili, yatakunjamana."

"Yatakunjamana?" Chui akashtuka.

"Nimeona yakikunjamana. Unayo pasi ya mkaa?"

Keshokutwa asubuhi wote walikuwa langoni. Afisa wa Lango alikuwa yuleyule, Mzee Korongo, mwenye upara na mfuko mwekundu unaoning'inia shingoni. Mzee Korongo alikagua mashanta ya nyika nzima. Mfuko wake mwenyewe hakuna aliyewahi kuukagua.

"Kla! Kla!" akagonganisha mdomo. "Mstari! Mmoja mmoja! Toa vitu vyote chini. Kanuni ni hizi, msikie, msije mkasema hamkusikia. Moja: kilichoingia kitoke. Atakayeacha kitu Bondeni, hata kijiti, haingii tena maishani mwake."

Kanuni hiyo ilikuwa ya zamani, tangu pale Bwana Kiboko alipokwenda Bondeni na beseni la kuogea, akaliacha ndani ya chemchemi.

"Mbili: nyama isionekane nje ya shanta, wala chombo. Tatu: kilicho ndani ya shanta ni cha mwenye shanta. Hiyo ni mpya, ya mwaka jana. Asanteni kwa Mheshimiwa Fisi."

Fisi akapunga mkono kama arusini.

"Na jua likigusa kilima kesho jioni, nafunga lango. Atakayekuwa ndani na awe na usiku mwema. Haya, wewe mama."

Bi Nguchiro akatoa vitu vyake. Mzee Korongo akavitazama, akavitazama tena. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Afande."

"Kinyume na desturi," Mzee Korongo akasema, "lakini si kinyume na kanuni. Pita."

Zamu ya Bwana Chui: mito miwili, kioo, chupa ya mafuta, pasi ya mkaa na mkaa wenyewe. Zamu ya Bwana Fisi: godoro, kigoda, chungu, mwiko, sufuria ya akiba chungu kikivunjika, na kinu na mchi. Mzee Korongo alikuwa hasahau kitu; hiyo ndiyo iliyomfanya awe afisa na asiwe na marafiki. Akapitisha jicho juu ya kila kimoja, *kla, kla, kla*, akasema, "Nimeviona. Nitawaona navyo."

Wakaingia, njia ikaanza kupanda mlima.

Haikuchukua muda. *Huuu! Huuu!* Bwana Fisi alikuwa anapumua kama mvukuto wa mhunzi. Kila akipiga hatua, kinu kilimgonga kiunoni, *gu!*, na mchi ukamgonga kisogoni, *ko!* Gu-ko, gu-ko, mlima mzima.

"Huyu anayenipiga ni nani?" akalalamika.

"Ni cheo, Mheshimiwa," Bi Nguchiro akajibu kutoka mbele. "Huwa kinaelemea."

Walipofika kwenye bega la mlima, wale wakubwa wawili wakaanguka chini kama magunia. Bi Nguchiro alikuwa mbele sana, haonekani. Akakaa juu ya jiwe kuwangoja, na ndipo upepo ulipomletea sauti ya Bwana Chui.

"Sikiliza, Fisi. Kale kadogo shanta lake limesinyaa. Lina nafasi. Mwambie akubebee kinu na mimi anibebee pasi."

"Mwambie? Namwamuru!"

Masikio ya Bi Nguchiro yakasimama. Akitwishwa kinu, hatawinda. Na ile nafasi ya shanta lake ilikuwa ndiyo mali yake yote. Nafasi ile ndiyo kwale, ndiyo Bonde, ndiyo mbavu za mtoto. Na kumkatalia Fisi huku mlimani, hakuna jirani wala Baraza, si jambo la mtu mwenye watoto.

Akaruka kutoka kwenye jiwe. *Shwa! Shwa! Shwa!* akang'oa nyasi za mlimani kwa mikono yote miwili, akafungua kamba za shanta, akasindilia, akasindilia, mpaka likawa duara kama boga. Akalala juu yake, akaanza kukoroma.

Fisi akafika. "We bi mdogo! Amka. Chukua kinu hiki."

"Ningekichukua kwa mikono miwili, Mheshimiwa. Kingeingia wapi?"

Fisi akalibonyeza shanta. Limejaa. Akabonyeza huku, limejaa. "Si asubuhi lilikuwa tupu?"

"Asubuhi lilikuwa na aibu. Nilipowaona ninyi, nami nikaona nilale kama watu. Nimetia godoro."

"Hii-hii-hii!" Fisi akacheka, ingawa kwa maumivu. "Chui, umeona? Hata huyu anataka godoro! Mmoja akiendelea, wote wanaiga." Akafurahi mno mpaka akasahau kukasirika. Akavaa kinu chake. Gu-ko, gu-ko, wakateremka Bondeni.

Siku ile ya kwanza wakubwa hawakuwinda. Bwana Fisi alitandika godoro, akapanga chungu, akaweka kigoda, kisha akakikalia kuangalia kama kila kitu kimekaa vizuri. Bwana Chui alikuwa anawasha pasi. Bi Nguchiro alijiviringisha shuka lake, akatafuna muhogo, na alikwisha kutega vitanzi kabla mkaa haujashika.

Lakini siku ya pili, wanangu, tuwape haki yao. Mkubwa ni mkubwa. Chui alipolala ndani ya nyasi ndefu ungedhani Bonde limemmeza, halafu *paa!* kwale. *Paa!* mwingine. Fisi alikimbia katikati ya makundi kama moto, *furrr!* yakiruka kila upande, naye anadaka huku na huku. Kufikia mchana, Bwana Fisi alikuwa na rundo kubwa, Chui la pili. La Bi Nguchiro lilikuwa la tatu. Si dogo, bali la tatu.

Akalitazama lake, akalitazama la Fisi. Akafungua shanta, akamwaga nyasi chini.

"Godoro lako unalitupa?" Chui akauliza.

"Nalirudisha lilikotoka. Nyasi za humu ndani ya lango hizi, sikuingia nazo."

Chui akafikiri kidogo, akatazama mito yake, akaacha kufikiri. Bi Nguchiro akapanga kwale wake ndani, akafunga. Shanta likawa limejaa nusu tu.

Upande ule mwingine kulikuwa na vurugu. Bwana Fisi alitia godoro, kwale wakakosa pa kukaa. Akatoa godoro, akatia kwale, godoro likagoma. Akawakandamiza kwa goti. Akaruka juu ya shanta, *tifu!* Likatema sufuria.

"Jua linakwenda, Mheshimiwa," Bi Nguchiro akasema. "Tutangulie?"

"Nendeni! Nakuja!"

Walipopotea kwenye kona, Bwana Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto. Akakibeba kinu na mchi wake, akavisukumia ndani ya kichaka, akavifunika majani. Kwale wote wakaingia! Nafasi ikabaki ya kidole. "Nani atakumbuka kinu?" akasema, akaondoka anapiga mluzi. Akapanda mlima bila gu, bila ko, akawapita njiani.

Langoni, Mzee Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, anaangalia kilima na jua. "Kla! Vitu chini!"

Bwana Chui alikuwa na pasi, mito, kioo, vyote. Ila kwale wake wengi walikuwa shingoni, maana ndani hawakuenea.

"Nje ya shanta!" Mzee Korongo akasema. "Nzi wana macho. Nyama hiyo naichukua, kwa uchunguzi." Na mfuko wake wa shingoni ukatikisika wenyewe, kwa hamu ya kazi.

"Subiri!" Chui akaruka nyuma. Akazunguka, akamwona Bi Nguchiro amesimama kando. Heri jirani kuliko uchunguzi. "Dada! Lako lina nafasi?"

"Lina nafasi, kaka," Bi Nguchiro akasema.

Kwale wa Bwana Chui wakaingia, *pu, pu, pu*.

"Mheshimiwa," Mzee Korongo akaita. "Godoro, naliona. Kigoda, nakiona. Chungu, mwiko, sufuria ya akiba." Akaweka chini ule mguu wa pili, jambo alilolifanya mara chache. "Kinu."

"Kinu gani?"

"Cha mninga, kimepasuka ukingoni, na mchi wake."

"Ah, mzee wangu, umri huu, macho..."

"Mheshimiwa," Mzee Korongo akasema kwa upole, "awe mwenye kwato, mwenye ukucha au mwenye mdomo, kanuni ni moja. Kimeingia, hakikutoka. Mwenye kuacha kitu haingii Bondeni tena maishani mwake. Lakini jua bado halijagusa kilima. Una miguu."

Bwana Fisi akatazama kilima. Jua lilikuwa limebakisha upana wa chapati tatu kufika kilimani. Kinu kile hakibebeki mkononi mlima mzima; ni lazima kiingie shantani pamoja na vyombo vingine, na ili kiingie, kwale lazima watoke. Akawamwaga kwale chini, *purrr!*

"Nyama chini," Mzee Korongo akasema, akasogea. "Hiyo nayo, uchunguzi."

"Usiguse!" Fisi akapiga kelele. Akageuka huku, akageuka kule. Kushoto mfuko wa Korongo umefumbuka. Kulia, Bi Nguchiro, na shanta lake limefumbuka.

"Dada yangu!" akasema, na sauti ikawa tamu tena baada ya mwaka mzima. "Nihifadhie hawa. Mara moja tu!"

"Wote, Mheshimiwa? Sijui kama nitaweza..."

"Lina nafasi! Naona lina nafasi!"

"Kwa vile umeniamuru." Bi Nguchiro akalegeza kamba ya kwanza, akalegeza ya pili. Shanta likapanuka, *fuuu*, kama shavu la mpiga tarumbeta. Kwale wakaingia wote, na wa mwisho alipokaa, likafungika bila kubaki mkunjo.

Lile rundo la magunzi, mnalikumbuka? Bi Nguchiro alikuwa amelifanya kubwa tangu nyumbani. Mnadhani alikuwa amehesabu kwale wa kuwanasa yeye peke yake?

"Ukimla hata mmoja, nakutafuna!" Fisi akamwonya, anakimbia.

"Hakuna atakayeliwa humu, Mheshimiwa. Naahidi."

Mnashangaa kwa nini Bwana Fisi hakukumbuka kanuni yake mwenyewe? Lakini yeye kanuni ile aliitunga kwa ajili ya watu wengine. Hakuwahi kufikiri kwamba inamjua na yeye.

Alirudi jua likiwa limebakisha ukucha mmoja kugusa kilima. Gu-ko, gu-ko, gu-ko, ulimi nje, majani ya kichaka masikioni. Akapita lango, akaanguka. Nyuma yake Mzee Korongo akavuta komeo, *kacha!*

"Kinu, nakiona," Mzee Korongo akasema. "Mchi, nauona. Mheshimiwa hana kosa. Hongera."

"Nipe... nipe kwale wangu," Fisi akahema.

"Wako wepi?" Bi Nguchiro akauliza.

"Si hao nilio..." Mdomo wa Bwana Fisi ukabaki wazi. Nzi mmoja, mwenye macho, akauingia akatoka.

"Mzee Korongo," Bi Nguchiro akasema kwa adabu kabisa, "mimi ni mama wa nyumbani, haya mambo ya Baraza siyajui vizuri. Ile kanuni ya tatu ilisemaje?"

Mzee Korongo akanyoosha shingo. Mambo haya aliyapenda. "Kilicho ndani ya shanta ni cha mwenye shanta. Mtoa hoja, Mheshimiwa Fisi. Muunga mkono, Mheshimiwa Fisi. Ilipita bila pingamizi."

"Mimi napinga!" Fisi akalia.

"Umechelewa mwaka mmoja. Kla! Bonde ni la nyumba ya Nguchiro mpaka mvua zirudi. Anayefuata, Bwana Chui, ana wachache na pasi. Mheshimiwa Fisi, hana kitu, ila vyombo vyake vimetimia."

Bwana Chui akamtazama Bi Nguchiro, akacheka peke yake, akajilamba bega. "Kwa hiyo madoa hayakunjamani?"

"Hayakunjamani, kaka. Yamekaa vizuri tangu uzaliwe. Kesho njoo nyumbani na mfuko mdogo, tutagawana. Wewe hukunicheka mwaka jana."

Kisha akafungua shanta kidogo, akatoa kwale mmoja, mwembamba, akamwekea Bwana Fisi juu ya godoro lake.

"Wa nini huyu?" Fisi akauliza kwa sauti ndogo.

"Wa kupondea, Mheshimiwa. Kinu kimekupeleka Bondeni mara mbili. Si vizuri kirudi nyumbani bila kazi."

Akabana kamba, akainua shanta lake likamkaa mgongoni sawasawa, akateremka kwenda kwa watoto. Jioni ile kwa Bi Nguchiro moshi wa jikoni ulinukia kwale mpaka kwa majirani, na yule mdogo alilala amekumbatia paja la kwale kama mwanasesere, tumbo limekwenda juu.

Nami nimefika langoni, wanangu. Vitu vyangu vyote nimevitoa, hakuna nilichoacha Bondeni.

Shanta huchaguliwa kwa urefu wa safari na si kwa ukubwa wa mwenyewe, na nafasi ndani yake ni ya kile ulichokifuata.